Kuongeza Maumbo Madogo ya Ardhi Katika Mandhari ya Kompyuta

Mandhari inayozalishwa na kompyuta kwa kawaida hupendeza ikitazamwa kutoka mbali: milima ina vilele, mabonde yanapinda, na upeo wa macho unaaminika. Kamera inaposhuka hadi kimo cha mtu aliyesimama, uzuri huo hutoweka, na mtazamaji hujikuta mbele ya uso laini kama nta iliyoyeyuka, usio na jiwe, ufa wala mfereji. Sababu yake ni kwamba ramani ya mwinuko, yaani picha ambayo kila pikseli yake hubeba kimo cha sehemu moja ya ardhi, haina habari yoyote kuhusu kitu kilicho kidogo kuliko pikseli hizo. Watengenezaji wengi hujaribu kuziba pengo hilo kwa kutandaza noizi ndogo, yaani mapando na mashuko ya bahati nasibu yanayokokotolewa na kompyuta, juu ya ardhi yote kwa kipimo kimoja, na wanachopata ni ardhi yenye vipele. Katika ardhi halisi, kila mfereji umechimbwa na maji yaliyotoka mahali fulani, kila rundo la mawe limeporomoka kutoka mwamba ulio juu yake, na tope hupasuka pale tu maji yalipokwama na kukauka.

Hatua zinazofuata zinasimama juu ya kanuni hiyo: umbo dogo liwekwe pale ambapo umbo kubwa lingeweza kulizaa. Zinaweza kufuatwa katika Blender, Houdini, World Machine, Gaea au Terragen, na pia katika programu unayoiandika mwenyewe, kwa kuwa majina ya vitufe hutofautiana lakini hesabu iliyo chini yake ni ileile.

Hatua ya kwanza: Kupima ukubwa wa pikseli na umbali wa kamera

Kabla ya kuongeza chochote, ni lazima ujue pikseli moja ya ramani yako inawakilisha mita ngapi. Ramani yenye pikseli 4096 kwa kila upande, ikifunika eneo la kilomita 4 kwa kilomita 4, ina pikseli yenye upana wa karibu mita 1. Hilo halimaanishi kwamba unaweza kuchora mfereji wa mita 1, kwa kuwa umbo lolote lenye kupanda na kushuka linahitaji angalau pikseli mbili ili liwepo, na kwa vitendo linahitaji nne au tano ili lionekane kuwa umbo na si mkwaruzo. Kwa hiyo, katika ramani hiyo, kila kilicho chini ya mita 4 au 5 kitahitaji njia nyingine. Wanaoanza na vipimo halisi vya dunia hukutana na kikwazo hicho mapema zaidi. Vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, ambavyo hufunika nchi kavu kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini, vina pikseli ya takriban mita 30, hivyo makorongo madogo yote hubaki kuwa kazi ya mtengenezaji.

Upande wa pili wa hesabu ni kamera. Kamera yenye uwanda wa kuona wa nyuzi 60 kwa upana, katika picha ya pikseli 1920, huona upana wa mita 11.5 kwa umbali wa mita 10, yaani milimita 6 kwa kila pikseli ya skrini. Kwa umbali wa kilomita 1, pikseli moja ya skrini hufunika sentimita 60. Kokoto lililowekwa huko mbali halitaonekana kamwe, ila litaonekana kama chembe zinazometameta kamera inapotembea, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa na kokoto kabisa.

Kutokana na hesabu hizo mbili utaweza kugawa kazi katika madaraja matatu. Maumbo yanayozidi mita 5 yatakaa ndani ya ramani ya mwinuko yenyewe. Maumbo ya kati, kuanzia sentimita chache hadi mita 5, yatakuwa vitu vinavyojitegemea, kama vile mawe na vipande vya miamba, au yatatokana na kusogeza uso karibu na kamera. Yaliyo madogo kuliko hayo yatabaki katika tekscha, yaani picha inayovikwa juu ya uso, ya udongo au mwamba. Andika mipaka ya madaraja hayo mahali utakapoiona wakati wote wa kazi, kwani kosa la kuweka umbo katika daraja lisilo lake hugharimu kumbukumbu nyingi ya kompyuta bila faida inayoonekana.

Hatua ya pili: Kuhakikisha faili inaweza kubeba maumbo hayo

Hatua hii ni fupi lakini haipaswi kurukwa. Picha ya biti 8 ina viwango 256 tu vya kimo. Ikiwa tofauti kati ya bonde na kilele ni mita 1000, kila kiwango ni karibu mita 4, na miteremko ya taratibu itageuka kuwa ngazi. Picha ya biti 16 ina viwango 65,536, sawa na sentimita 1.5 kwa kiwango katika mlima huohuo, na hiyo inatosha kwa kazi nyingi. Biti 32 za namba zenye desimali hufaa wakati ukokotoaji bado unaendelea. Hifadhi kwa PNG ya biti 16, RAW au EXR, na usitumie JPEG, kwa sababu ukandamizaji wake huacha vigae vya mraba ambavyo mmomonyoko wa hatua ya tano utavifuata kana kwamba ni miinuko halisi. Unapoifungua ramani katika programu nyingine, iambie programu kwamba picha hiyo ni data na si rangi. La sivyo marekebisho ya mwangaza yatapinda vimo vyote, na mabonde yatabadilika umbo bila wewe kujua sababu.

Injini kadhaa za michezo hudai ukubwa maalumu wa ramani, kwa mfano 1025 au 2049 badala ya 1024 au 2048, kwa kuwa huhesabu nukta za kona na si miraba iliyo kati yake. Chagua ukubwa huo tangu mwanzo, maana kuipanua ramani mwishoni kwa pikseli moja hulainisha kila kitu ulichokichonga.

Hatua ya tatu: Kuisoma ardhi kubwa na kutengeneza barakoa

Ikiwa utalazimika kuchagua hatua moja ya kuitumia muda mwingi, chagua hii. Barakoa ni picha ya kijivu inayosema kila sehemu ya ardhi ipokee umbo fulani kwa kiasi gani: nyeupe ni kwa ukamilifu, nyeusi ni hapana. Noizi iliyo duni ikiongozwa na barakoa nzuri hutoa ardhi inayoaminika, lakini noizi bora isiyo na barakoa haitoi. Zipo barakoa nne za msingi, na zote hukokotolewa kutoka kwenye ramani ya mwinuko bila kuchora chochote kwa mkono.

Ya kwanza ni ya mteremko. Kwa kila pikseli, chukua kimo cha jirani wa kulia utoe cha jirani wa kushoto, ugawe kwa umbali ulio kati yao. Fanya hivyohivyo kwa jirani wa juu na wa chini, kisha unganisha matokeo mawili kwa kanuni ya Pythagoras. Iwapo mwelekeo mmoja tu ndio wenye mteremko, na jirani wawili waliotengana kwa mita 2 wanatofautiana kwa kimo cha mita 1.2, uwiano ni 0.6, ambao ni sawa na nyuzi 31. Namba hiyo ina maana kubwa katika maumbile, kwa sababu mchanga mkavu hauwezi kukaa juu ya mteremko unaozidi nyuzi 34 hivi bila kuporomoka, na mawe yenye pembe huvumilia zaidi kidogo, hadi karibu nyuzi 40. Juu ya kiwango hicho tarajia mwamba mtupu. Chini yake tarajia kitu kilicholala juu ya mwamba.

Ya pili ni ya mbinuko, ambayo hutofautisha sehemu zilizotuna na zilizobonyea. Njia nyepesi ni kuilainisha nakala ya ramani na kuitoa kwenye ramani ya awali: palipobaki chanya ni mgongo au ukingo, palipobaki hasi ni bonde au shimo. Fanya hivyo mara mbili, kwa ulainishaji mdogo na kwa ulainishaji mkubwa, kwa sababu bonde la kilomita nzima linaweza kuwa na migongo midogo ndani yake, na maumbo madogo hutegemea yote mawili.

Barakoa ya tatu ni ya mtiririko wa maji, na ndiyo inayobadilisha mandhari kuliko nyingine zote. Njia iliyozoeleka, iliyoelezwa na O'Callaghan na Mark mwaka 1984, hupanga pikseli zote kutoka ya juu kabisa hadi ya chini kabisa, kisha kila pikseli humpa maji yake jirani mmoja kati ya wanane, yule aliye upande wenye mteremko mkali zaidi. Mwishoni kila pikseli huwa na hesabu ya eneo lote linalomwaga maji kupitia kwake. Kabla ya kuanza, jaza vishimo vidogo visivyo na mlango wa kutokea, la sivyo mito itakufa katikati ya miteremko. Kwa kuwa hesabu hizo huanzia moja na kufika mamilioni, tumia logariti yake kabla ya kuifanya picha ya kijivu. Njia hii ina kasoro moja: mito hupenda kunyooka kwenye pembe za nyuzi 45. Kasoro hiyo hupungua sana ukigawa maji kwa majirani wote walio chini, kila mmoja kwa uwiano wa mteremko wake.

Ya nne ni ya mwelekeo, yaani upande ambao mteremko unautazama. Hutumika kwa upepo, theluji na uoto, na hukokotolewa kwa tofauti zilezile za majirani zilizotumika katika barakoa ya mteremko.

Hatua ya nne: Kuweka noizi ya kati kwa kuiongoza

Noizi ambayo programu nyingi huitumia ilibuniwa na Ken Perlin mwaka 1983 na kuchapishwa mwaka 1985, na mwaka 1997 alitunukiwa tuzo ya kiufundi ya Academy, taasisi inayotoa tuzo za Oscar, kwa kazi hiyo. Ili kupata ardhi, tabaka kadhaa za noizi hujumlishwa, kila tabaka, ambalo huitwa oktava, likiwa na mawimbi mafupi na ya chini kuliko lililotangulia; kawaida urefu wa wimbi hupunguzwa kwa nusu na kimo chake kwa nusu. Usitumie uwiano wa 2 kamili. Noizi ya Perlin huwa sifuri katika kila kona ya gridi yake, na oktava zinazofuatana kwa uwiano wa 2 kamili hukutanisha sifuri hizo mahali pamoja, hivyo alama za gridi huanza kuonekana katika ardhi. Tumia 1.9 au 2.1, na ikiwezekana uizungushe kila oktava kwa pembe tofauti.

Jambo la msingi zaidi ni kutoiacha ardhi yote iwe na ukali sawa. Zidisha kimo cha oktava ndogo kwa barakoa: kwa ukamilifu kwenye miteremko mikali na migongo, kwa sehemu ya kumi au chini ya hapo katika mabonde yaliyojaa mashapo. Wazo hili la ukali unaobadilika kulingana na mahali lilifanyiwa kazi na Ken Musgrave na wenzake, ambao mwaka 1989 walichapisha pia njia za kuimomonyoa ardhi ya fraktali, yaani yenye umbo linalojirudia kwa vipimo vidogo zaidi na zaidi, kwa maji na kwa mporomoko. Kwa migongo yenye ncha, chukua thamani kamili ya noizi bila alama ya kutoa, kisha uigeuze juu chini. Kwa miamba iliyopindwapindwa, sogeza viwianishi vya noizi moja kwa kutumia noizi nyingine kabla ya kuisoma. Msogeo wa robo ya urefu wa wimbi unatosha, kwani ukizidi sana ardhi huanza kufanana na moshi.

Hatua ya tano: Kuimomonyoa ardhi

Noizi haijui juu wala chini. Ukiipindua ardhi yake, mabonde yakawa vilele, itaonekana vilevile. Mmomonyoko ndio unaoipa ardhi uzito na historia, kwa hiyo hatua hii inastahili uvumilivu.

Njia inayoeleweka kwa urahisi ni ya matone. Tone huangushwa mahali popote kwa bahati nasibu, husoma mteremko chini yake, na kuanza kushuka. Katika kila hatua ya safari yake hukokotoa kiasi cha udongo linachoweza kubeba, ambacho huongezeka kadiri kasi, maji na mteremko vinavyoongezeka. Likiwa na udongo pungufu ya uwezo wake, huchimba. Likiwa na ziada, huacha mashapo. Na njiani hupoteza maji kidogo kidogo hadi kukauka. Rudia kwa matone laki kadhaa, na mifereji itajichora yenyewe, ikikutana na kuungana kama inavyopaswa. Vigezo viwili ndivyo vinavyoharibu kazi mara nyingi. Kimoja ni upana wa uchimbaji: tone linalochimba pikseli moja tu huacha matundu na nyuzi, hivyo gawanya uchimbaji wake katika mduara wa pikseli tatu au nne. Kingine ni kasi ya kuchimba, ambayo ikiwa kubwa huyafanya matone ya mwanzo yachukue njia zote, na matone mengine yakabaki kuzifuata tu.

Kumbuka kwamba tone hufanya kazi kwa pikseli na si kwa mita. Mipangilio iliyotoa makorongo mazuri katika ramani ya 1024 itatoa mikwaruzo yenye upana wa robo yake katika ramani ya 4096 ya eneo lilelile. Kwa sababu hiyo, fanya mmomonyoko kwa awamu: anza na ramani ndogo ili kupata mabonde makubwa, ipanue mara mbili, ongeza noizi kidogo inayoongozwa na barakoa, momonyoa tena kwa matone machache yenye maisha mafupi zaidi, na uendelee hivyo hadi ukubwa wa mwisho. Makorongo madogo yatazaliwa ndani ya makubwa, na hivyo ndivyo yalivyo katika milima.

Mporomoko ni hesabu nyepesi zaidi. Kwa kila pikseli, linganisha mteremko wa kwenda kwa kila jirani na pembe ambayo mawe yanaweza kutulia. Ukizidi, hamisha sehemu ya ziada kwa jirani aliye chini. Usihamishe ziada yote kwa mkupuo, kwani vimo vitapanda na kushuka bila kutulia. Nusu au chini ya nusu inatosha. Uendeshe kwa kupokezana na matone, ili kingo kali zilizochimbwa na maji zianguke na kujaza miguu ya miteremko kwa vifusi.

Wakati mmomonyoko unaendelea, hifadhi pia picha mbili za ziada: moja ya mahali palipochimbwa na nyingine ya mahali palipowekwa mashapo. Programu nyingi huzitoa zikiombwa, na katika programu yako mwenyewe ni mistari michache tu ya msimbo. Picha hizo zitakuwa barakoa bora kuliko zote za hatua ya tatu, kwa kuwa zinaeleza kilichotokea na si umbo lililobaki peke yake. Baada ya mmomonyoko, kokotoa upya barakoa za mteremko, mbinuko na mtiririko, maana za awali haziendani tena na ardhi uliyo nayo.

Hatua ya sita: Miamba iliyosimama wima

Ramani ya mwinuko hubeba kimo kimoja kwa kila nukta, kwa hiyo haiwezi kuonyesha pango wala mwamba ulioning'inia. Hata mwamba uliosimama bila kuning'inia huathirika: kwenye mteremko wa nyuzi 80, pikseli ya mita 1 hunyooshwa juu ya uso wenye urefu wa karibu mita 6, ikimaanisha kwamba sehemu inayovutia macho kuliko zote ndiyo yenye maelezo machache kuliko zote. Tekscha nayo hunyooka pamoja na uso huo. Tiba ya tekscha ni kuitupa kutoka pande tatu, juu na ubavuni mara mbili, na kuzichanganya kulingana na uso unakotazama.

Tiba ya umbo ni kuchomeka vipande vya miamba vilivyochongwa mbali. Vipande vinne au vitano vinatosha ikiwa utavizungusha na kuvipa ukubwa tofauti, lakini vichomeke ndani ya mlima kwa theluthi moja au zaidi, na mistari ya matabaka yake ielekee upande mmoja katika mlima mzima. Miamba ya jirani yenye matabaka yanayokwenda kila upande ni dalili ya haraka ya kazi iliyofanywa bila kufikiri.

Ukitaka matabaka ndani ya ramani yenyewe, geuza kimo kuwa ngazi zenye unene usio sawa, ukiacha baadhi ya ngazi zitokeze kama mwamba mgumu na nyingine zirudi ndani. Kabla ya kufanya hivyo, jumlisha kwenye kimo mwinamo mdogo unaotegemea mahali, ili matabaka yalale kwa mshazari, na uongeze noizi pana ili yapinde kidogo. Tumia matokeo hayo kwenye miteremko mikali tu; ngazi zinazoendelea hadi katika mashapo ya bondeni hazina maelezo ya kijiolojia.

Hatua ya saba: Kusambaza mawe

Mawe yana kanuni tatu ambazo jicho huzitambua hata kama mwenye jicho hawezi kuzitaja.

Kanuni ya kwanza ni wingi kwa ukubwa. Mawe madogo ni mengi mno kuliko makubwa, na makadirio mazuri ya kuanzia ni kwamba kila kipenyo kinapopunguzwa kwa nusu, idadi iongezeke mara nne hadi nane. Mandhari nyingi za kompyuta hukosea kwa kuchagua ukubwa kwa bahati nasibu iliyo sawa kati ya kiwango cha chini na cha juu, na kwa hiyo mawe ya wastani huzagaa kila mahali.

Ya pili ni nafasi. Bahati nasibu tupu huacha marundo na mapengo yasiyo na sababu, na mawe mengine huingiliana. Njia ya Robert Bridson ya mwaka 2007 hutoa nukta ambazo hakuna mbili zilizokaribiana kuliko umbali uliouweka, na huenda kwa kasi. Itumie kwa mawe makubwa, ukibadilisha umbali huo kwa barakoa, kisha yaache mawe madogo yajikusanye kuzunguka makubwa, hasa upande wa chini wa mteremko na katika vibonyeo. Chini ya mwamba unaoporomoka, mawe makubwa husafiri mbali zaidi na kutulia mguuni mwa rundo, huku madogo yakibaki juu. Ukiupindua mpangilio huo, rundo litaonekana kana kwamba limemwagwa na lori. Katika mkondo wa mto, mawe yawe na mviringo na yazidi kuwa madogo kadiri unavyoshuka, na yaliyo bapa yalale yakiegemeana, nyuso zake zikiinamia upande maji yanakotoka.

Ya tatu ni kuzama. Jiwe lililowekwa juu ya uso halijawahi kukaa hapo. Lizamishe kwa theluthi hadi nusu ya kimo chake, lifuate mteremko kwa sehemu tu na si kikamilifu, kisha inua ardhi kidogo upande wa juu ambako udongo ungekwama, na uibonyeze kidogo upande wa chini. Changanya rangi ya chini ya jiwe na ya udongo kwa sentimita chache. Kazi hii ndogo huondoa mstari mkali wa makutano, ambao ndio unaomwambia mtazamaji kwamba vitu viwili vimepachikwa pamoja.

Tumia nakala zinazorejelea maumbo machache ya msingi, kati ya sita na kumi, badala ya kuhifadhi kila jiwe peke yake. Kadi ya michoro huweza kuchora makumi ya maelfu ya nakala kama hizo, lakini hulemewa upesi na mawe machache ambayo kila moja lina pembetatu zake.

Hatua ya nane: Mawimbi ya mchanga na nyufa za tope

Haya ni maumbo ya sentimita, kwa hiyo yakae katika tekscha na katika kusogeza uso karibu na kamera. Mawimbi ya mchanga hukingama na upepo, upande unaopigwa na upepo ukiwa na mwinuko wa taratibu na upande wa pili ukiwa mkali. Wimbi la sini lenye pande zilizo sawa halifai. Umbali wa sentimita 10 hivi kati ya wimbi na wimbi unatosha, na mistari yake iungane na kugawanyika hapa na pale.

Kwa nyufa, wengi hutumia noizi ya seli ya Steven Worley ya mwaka 1996 na kuchora mipaka ya seli zake. Mipaka hiyo hukutana mitatu mitatu kwa pembe zinazokaribia nyuzi 120, na hivyo ndivyo tope lililolowa na kukauka mara nyingi linavyopasuka. Tope lililokauka mara ya kwanza hupasuka tofauti: ufa mpya hukutana na wa zamani kwa takriban nyuzi 90. Ukiitaka sura hiyo, ligawe eneo kwa mstari mrefu uliopinda, kisha ukigawe kila kipande kwa mstari mfupi zaidi unaokutana na ule wa kwanza kwa pembe mraba, na uendelee. Yaweke hayo pale tu ambapo mteremko ni karibu sifuri, mbinuko ni hasi na mashapo yapo. Sehemu zenye sifa zote tatu ni chache, na ni vizuri ziwe chache.

Hatua ya tisa: Tekscha, mwanga na umbali

Rangi na tekscha ziongozwe na barakoa zilezile zilizoongoza umbo: mashapo yapate udongo mwepesi, njia za maji zipate changarawe na unyevu, miteremko mikali ipate mwamba. Kuhusu kudanganya mwanga, njia ya James Blinn ya mwaka 1978 hubadilisha jinsi uso unavyopokea mwanga bila kubadilisha umbo, na ni nafuu, lakini ukingo wa kitu dhidi ya anga hubaki laini. Robert Cook mwaka 1984 alieleza njia ya kuusogeza uso wenyewe, ambayo hutoa ukingo na kivuli halisi kwa gharama kubwa. Itumie hiyo ya pili katika mita chache za karibu na kamera, na ya kwanza kwingineko.

Maumbo madogo yapotee polepole kadiri umbali unavyoongezeka, kabla hayajafikia ukubwa wa pikseli ya skrini uliyoikokotoa mwanzoni. Yanapopotea, ongeza kiwango cha ukwaruzo wa uso katika sheda, yaani programu ndogo inayokokotoa jinsi uso unavyopokea mwanga, kwa sababu mikwaruzo iliyokuwa ikitawanya mwanga haipo tena, na mlima wa mbali utang'aa kama plastiki iliyopigwa msasa usipofidia.

Hatua ya kumi: Kuikagua kazi

Ondoa rangi zote, uvae ardhi kijivu kimoja, na uweke jua nyuzi 10 hadi 15 juu ya upeo wa macho. Mwanga wa pembeni hufichua ngazi za biti, mishono na marudio ambayo rangi huyaficha. Weka umbo la mtu mwenye urefu wa mita 1.8 na usimamishe kamera katika kimo cha macho yake. Mawimbi ya mchanga yanayofika magotini, au mawe yote yanayolingana na kichwa chake, yataonekana papo hapo. Kisha ipandishe kamera hadi juu kabisa, utafute jiwe au mwamba unaojirudia kwa mwelekeo uleule. Mwisho, zima tabaka moja baada ya jingine. Tabaka ambalo huoni tofauti likizimwa, lifute, hata kama lilikuchukua muda mrefu kulitengeneza.

Hifadhi namba za mbegu, yaani namba zinazoanzisha bahati nasibu, za kila noizi na kila usambazaji wa mawe pamoja na faili, kwa sababu badiliko dogo la mbegu hulipa kila jiwe mahali papya, na kamera iliyokwisha kupangwa inaweza kujikuta ndani ya mwamba. Ikiwa mandhari ni ya mchezo, amua pia ni maumbo yapi yatazuia mwendo wa mchezaji: mawe yanayozidi sentimita 30 yawe na umbo la mgongano, lililorahisishwa hadi pembetatu chache, huku changarawe na mawimbi ya mchanga yakiachwa bila umbo hilo, isipokuwa pale kamera inapokuwa karibu kiasi cha kuonyesha nyayo za mhusika zikizama ardhini, ambapo itabidi ukokotoaji wa miguu usome uso uliosogezwa badala ya ramani ya awali.